Ujamaa, Imani na Swali la Muumba

Katika kila mafunzo ya itikadi hufika siku ambapo mwanafunzi husimama na kuuliza kama mjamaa anaweza kumwamini Mungu. Mara nyingi swali huja baada ya somo la uyakinifu. Darasa hunyamaza. Wako wanaotazama chini, maana ni watu wa ibada; na wako wanaotabasamu, maana wamesoma kijitabu kimoja cha Karl Marx na wanadhani jibu wanalo mfukoni. Mkufunzi akijibu kwamba dini ni jambo la mtu binafsi kisha akaendelea na somo, amesema kweli, lakini hajafundisha kitu. Kada yule kesho atapelekwa wilayani, na huko atakutana na shehe, padri, mchungaji na mzee wa tambiko, na kila mmoja wao huenda anasikilizwa na watu wengi kuliko wanaohudhuria mkutano wa tawi. Hana budi kujua anasimama wapi.

Kosa la kwanza ni kuyachanganya maswali mawili. Kuna swali kama Muumba yupo. Na kuna swali jingine, imani inaipa jamii nini na inainyang'anya nini. Swali la kwanza Chama hakina chombo cha kulijibu. Swali la pili Chama hakina ruhusa ya kulikwepa.

Je, Muumba yupo?

Tusilidharau swali hili kwa sababu tu halipigiwi kura. Wenye imani wana hoja kongwe kwamba kila kilichopo kina kilichokisababisha, na mnyororo huo hauwezi kurudi nyuma bila mwisho. Basi lazima pawe na chanzo kisichosababishwa na kingine. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, na Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, mmoja Mwislamu na mwingine Mkristo, waliijenga hoja hii kwa namna zinazokaribiana, na Aquinas alimsoma Ibn Sina. Mkulima anayesema kwamba nyumba haijijengi yenyewe anasema jambo la ukoo huo huo. Mwaka 1781 mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant, aliipinga njia hiyo ya kufikiri. Alisema akili ya binadamu imezoea kuunganisha chanzo na tokeo ndani ya mambo anayoweza kuyapitia. Ikirushwa nje ya mambo hayo haina pa kukanyaga, haiwezi kuthibitisha wala kukanusha. Sisi tunaona Kant alikuwa karibu sana na ukweli, na tunawaomba wasomaji waangalie kwamba hoja yake inawafunga midomo wote wawili, mhubiri na mkana Mungu.

Hoja nyingine ilikuwa ya mpangilio: jicho limeundwa vizuri mno kwa kuona, basi yupo aliyeliunda. Hii ilipata pigo mwaka 1859, Charles Darwin alipoeleza jinsi viumbe vinavyobadilika polepole, vyenye kufaa mazingira vikizaa na visivyofaa vikipotea. Watanzania hatuhitaji kwenda Ulaya kuutafuta ushahidi. Mwaka 1959 Mary Leakey aliokota huko Olduvai fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, na mwaka 1978 kundi lake lilifukua huko Laetoli nyayo zilizoachwa katika majivu ya volkano kiasi cha miaka milioni 3.6 iliyopita. Anayesoma maandiko matakatifu kama kitabu cha jiolojia atapata taabu kubwa akifika Laetoli. Lakini nyayo zile zinatuambia kwamba viumbe wale walitembea wima kwa miguu miwili. Hazituambii kama ulimwengu waliokuwa wakiutembea una mwenyewe.

Kuna kisa kinachofaa kufundishwa zaidi ya vingine. Wazo kwamba ulimwengu mzima ulianza katika hali ndogo iliyosongamana mno, kisha ukatanuka, lilitolewa na Georges Lemaître, Mbelgiji, katika maandiko yake ya mwaka 1927 na 1931. Lemaître alikuwa padri wa Kanisa Katoliki. Mwaka 1951 Papa Pius XII alihutubia akiielezea elimu hiyo mpya kana kwamba inathibitisha uumbaji. Mtu angetazamia padri afurahi. Hakufurahi, alishikilia kwamba nadharia yake iko nje ya suala la dini, na kwamba anayeamini na asiyeamini wote wanaweza kuitumia. Leo wanasayansi wanaukadiria umri wa ulimwengu kuwa miaka bilioni 13.8, na bado jambo ni lile lile. Padri huyu aliilinda sayansi isigeuzwe mahubiri. Kada naye ailinde isigeuzwe matusi kwa waumini.

Kwa maoni yetu, hoja nzito kuliko zote dhidi ya Muumba mwema haitoki katika biolojia. Ni ile ya mama anayezika mtoto aliyekufa kwa malaria. Kama yupo, na ni mwenye uwezo, na ni mwenye huruma, mbona hivi? Waumini wenyewe ndio waliouliza kwanza: kisa cha Nabii Ayubu, kinachojulikana kwa Waislamu, Wakristo na Wayahudi, kimejengwa juu ya swali hilo. Majibu yako mengi na hakuna lililowanyamazisha wote. Ila liko jibu moja ambalo mjamaa analikataa katu, nalo ni lile linalotolewa na mtu mwingine, aliyeshiba, kwa niaba ya mama huyo, kwamba ndivyo Mungu alivyopanga. Malaria huletwa na mbu. Mbu huzaliana katika maji yaliyotuama, na kutuama kwa maji mtaani kwetu kunahusu mfereji ambao fedha zake zilipangwa na binadamu.

Hapa ndipo tunapouona uyakinifu unaohitajika katika kazi ya Chama. Ni njia ya kuitazama jamii: kwamba umaskini, utajiri, utawala na utumwa vina vyanzo katika jinsi watu wanavyozalisha mali na wanavyoigawana, na kwamba vyanzo hivyo vinaweza kuchunguzwa na kubadilishwa. Mtu anaweza kuishika njia hii kwa mikono miwili, akakataa kwamba kijiji kina njaa kwa sababu ya mkosi, akaenda kuchunguza bei ya pamba, madeni ya pembejeo na mizani ya mnunuzi, kisha jioni akaswali. Hakuna kinachogongana. Kinachogongana ni kuswali badala ya kuchunguza mizani.

Vyama vingine vilifanya nini

Wapo watakaosema tunalegeza kamba. Tuwakumbushe historia. Lenin mwenyewe, ambaye hakuwa na Mungu wala hakuficha, aliandika mwaka 1905 kwamba Chama kisiuweke ukana Mungu katika programu yake, kwa kuwa umoja wa walioonewa katika mapambano ya hapa duniani una maana zaidi kuliko kukubaliana kwao juu ya pepo. Alitaka waumini wapingwe kwa hoja, wasifungiwe mlango. Waliomfuata hawakushika maneno hayo. Makanisa mengi yalifungwa na makasisi wengi waliuawa. Kisha Septemba 1943, katikati ya vita, Stalin aliwaita Kremlin maaskofu wakuu watatu na kuliruhusu Kanisa la Kiorthodoksi lichague patriaki. Nchi ilipokuwa hatarini alihitaji kitu ambacho kamati zake hazikuweza kukitoa.

Albania ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1967 ilifunga misikiti na makanisa zaidi ya 2,000, ikajitangaza nchi ya kwanza duniani isiyo na Mungu, na katiba yake ya mwaka 1976 ikasema dola haiitambui dini yoyote. Amri ilipoondolewa mwaka 1990 watu walirudi kusali hadharani. Miaka 23 ya kukataza haikuwa imeondoa kitu ambacho watu walikuwa wakikihitaji. Ilikuwa imekificha tu, na imeifundisha jamii kuogopana. Kuba, iliyokuwa ikiwazuia waumini kujiunga na chama, iliondoa kizuizi hicho katika mkutano mkuu wa mwaka 1991.

Sisi hatukupita huko. Katika utangulizi wa kitabu chake cha Uhuru na Ujamaa cha mwaka 1968, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba ujamaa unahusu maisha ya binadamu katika jamii hii. Uhusiano wa mtu na Mungu wake ni wa mtu huyo, na mjamaa halazimiki kuwa muumini wala kuwa mkana Mungu. Mwalimu alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, na Kanisa lake lilianzisha mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza mtakatifu. Mtu huyu huyu ndiye ambaye serikali yake, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ilizichukua shule za mashirika ya dini zikawa za umma. Na Oktoba 1970 alikwenda New York akawaambia masista wa Maryknoll kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuipinga mifumo inayowaweka watu katika umaskini, litakuwa halina maana kwa watu hao. Hakusema hayo licha ya imani yake. Alisema kwa sababu ya imani yake.

Usawa ni imani

Tuje kwenye jambo ambalo wasomi wetu hulipita bila kuliona. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halianzi na takwimu. Linaanza na imani ya TANU, na neno la kwanza katika imani hiyo ni usawa wa binadamu. Kwa nini iitwe imani? Kwa sababu haithibitiki maabara. Ukiwapima watu kwa nguvu, kwa akili, kwa afya au kwa mavuno, utakuta hawalingani. Sayansi itakuambia mlemavu wa miguu hawezi kubeba gunia. Haitakuambia kwamba heshima yake ni sawa na ya mbeba gunia. Hilo ni lazima uliamini kabla ya kuanza, kisha ujenge nchi juu yake.

Muumini analo jibu la haraka kuhusu asili ya usawa huo: wote tumeumbwa na Mmoja, na mbele yake hakuna bwana wala mtwana. Asiyeamini naye analo lake: wote huzaliwa bila nguo, huumia, hufanya kazi, hufa, na hakuna aliyezaliwa na hati ya kummiliki mwenzake. Mzee wa tambiko ana la tatu, kwamba mtu ni mtu kwa ukoo wake, na ukoo unawaunganisha waliokufa, waliopo na wajao. Chama hakiulizi mtu amefika kwa njia ipi. Kinauliza kama amefika. Mtu anayemsifu Muumba Ijumaa au Jumapili kisha Jumatatu akamlaza mtumishi wa ndani jikoni sakafuni bila mshahara, hajafika. Na mkana Mungu anayefanya hivyo hivyo hajafika pia.

Hili la Marx na kasumba

Lugha yetu imetutega katika jambo moja. Mwaka 1844 Marx, akiwa kijana wa miaka 25, aliifananisha dini na afyuni. Kiswahili cha siasa kimelitafsiri neno hilo kuwa kasumba, na kasumba kwetu ina maana nyingine kabisa: ni fikra za kitwana alizopandikiza mkoloni ili Mwafrika ajidharau. Kwa hiyo kijana akisikia kwamba dini ni kasumba, anaelewa kwamba dini ni sumu aliyoileta mzungu au Mwarabu. Marx hakusema hivyo. Siku zake afyuni iliuzwa katika maduka ya dawa, na watu waliinywa kutuliza maumivu. Katika aya ile ile aliielezea dini kama kilio cha aliyeonewa. Alikuwa akisema: watu wanaumwa, na hii ndiyo dawa ya maumivu waliyo nayo. Anayetaka waiache dawa aondoe kwanza ugonjwa. Kada anayepita kijijini akiwanyang'anya watu dawa ya maumivu na kuwaacha na ugonjwa, Marx asingemtambua.

Na hata mfano huo wa Marx ni nusu tu ya jambo. Dini hutuliza, mara nyingine huamsha. Mwaka huo huo wa 1905 ambao Lenin aliandika makala yake, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amekwisha kuwakusanya Wamatumbi na jirani zao kwa maji yenye dawa na ahadi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Watu walikuwa wakilazimishwa kulima pamba chini ya majumbe na maakida, wakipigwa viboko, wakiacha mashamba yao ya chakula. Mwishoni mwa Julai waling'oa pamba. Kinjikitile alinyongwa Agosti 4 huko Mohoro, lakini vita vilienea kwa Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni, vikaendelea hadi mwaka 1907. Waliokufa wanakadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma vyakula.

Tufundishe kisa hiki bila kukipaka sukari. Maji hayakuzuia risasi. Imani iliwaambia watu uongo kuhusu bunduki, na uongo huo uliua. Lakini imani hiyo hiyo iliwaambia ukweli ambao hakuna aliyekuwa amewaambia kabla: kwamba Mmatumbi na Mngoni wana adui mmoja. Hakukuwa na chama, gazeti, wala barua iliyoweza kuvusha habari hiyo kutoka ukoo hadi ukoo. Maji yaliivusha. Mchambuzi anayeona uongo tu, na mchambuzi anayeona ushujaa tu, wote wamesoma nusu ya ukurasa.

Afrika Kusini inaonyesha jambo hili kwa namna nyingine, maana huko kitabu kimoja kilisomwa na pande zote mbili. Makanisa ya Makaburu ya Kireformed yalitumia Biblia kuhalalisha ubaguzi uliowekwa rasmi baada ya uchaguzi wa mwaka 1948. Mchungaji wao, Beyers Naudé, aliyasoma maandiko yale yale na mwaka 1963 akaacha mimbari yake. Mwaka 1982 umoja wa dunia wa makanisa hayo, ukikutana Ottawa, ulitamka kwamba kuutetea ubaguzi kwa Biblia ni uzushi, na mwaka 1985 wanatheolojia wa Afrika Kusini walitoa Waraka wa Kairos, uliolipinga si kanisa la watawala tu bali pia kanisa linalohubiri upatanisho bila haki. Muumba aliyekuwa akitajwa ni yule yule. Tofauti ilikuwa katika upande aliosimama msomaji.

Biashara ya imani

Siku hizi hatari haitoki kwa mkoloni mwenye msalaba. Inatoka sokoni. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu, Ambilikile Mwasapile. Kikombe kiliuzwa shilingi 500. Tukitumia uyakinifu wetu tutaona kwamba pesa haikuwa katika kikombe. Nauli ya kufika huko ilikuwa mara nyingi zaidi ya bei hiyo. Mzee alipata umaarufu, wenye magari wakapata faida, na wagonjwa wengine waliacha dawa za hospitali. Tena foleni ile haikuwa ya makabwela peke yao.

Februari 1, 2020, watu 20 walikufa Moshi kwa kukanyagana uwanjani, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Tusiwacheke. Mtu hakimbilii mafuta ya upako akiwa ana kazi, dawa na mtu wa kumsikiliza. Hatusemi kwamba Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, lililolegeza miiko ya uongozi, ndilo lililozaa manabii wa utajiri. Ila tunaona kwamba jamii ikianza kuhesabu utajiri wa mtu kuwa ushahidi wa thamani yake, haipiti muda mrefu kabla ya mtu kutokea akauhesabu kuwa ushahidi wa baraka.

Kwa upande mwingine, tuseme wazi kitu ambacho imani inaipa jamii na ambacho sisi wa Chama tumeshindwa kukitoa kwa waraka. Mwezi wa Ramadhani mamilioni ya watu hukubali njaa kwa hiari, na wakati wa Kwaresima wengine hujinyima. Zaka ya Waislamu, ambayo kwa fedha ni asilimia mbili na nusu ya akiba iliyofikia kiwango na kukaa mwaka, haihesabiwi kuwa hisani ya tajiri; ni haki ya maskini iliyoko mikononi mwa tajiri. Mjamaa gani angeandika vizuri zaidi? Msiba ukitokea mtaani, mkeka unatandikwa na chakula kinapikwa kabla ya balozi wa nyumba kumi kupata habari.

Lakini huduma hizi zina hesabu yake, nayo ni ya haki. Wakoloni walitoa ruzuku kwa shule za misheni, na matokeo yake Waislamu walifika kwenye Uhuru wakiwa nyuma kielimu, ingawa walikuwa mbele katika kuijenga TANU. Mwaka 1959 chama cha AMNUT kilifikia hatua ya kuomba Uhuru ucheleweshwe ili pengo lizibwe. Waislamu wengi wa TANU walilikataa ombi hilo, na walikuwa sahihi. Pengo lenyewe lilikuwa la kweli. Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii yamelalamikiwa na Waislamu kwa sababu hiyo. Kada asikimbilie kuwaita walalamikaji wadini. Anayeuliza fedha za umma zinakwenda kwa nani hajauliza swali la dini.

Katiba inasema Jamhuri yetu haina dini. Wako wanaodhani maana yake ni nchi ya makafiri, na wako wanaodhani maana yake ni kugawana nafasi kwa zamu, Mwislamu na Mkristo. Maana yake ni finyu zaidi na ngumu zaidi: mwenye ofisi ya umma, awapo ofisini, haulizwi wala haulizi. Jaribio lake dogo liko katika mikutano yetu wenyewe. Tumezoea kufungua kwa dua mbili, shehe kisha mchungaji, na tunajipongeza kwa kuwa na uwiano. Mzee wa tambiko ameketi safu ya nyuma. Kadi yake ya Chama ni ya zamani kuliko ya mwenyekiti, na katika miaka yote hiyo hajaombwa kusema neno.